Mwana wa Semarang aliyeufundisha moyo kuandika

Shangazi yangu, mkaazi wa Kibokoni tangu alipoolewa, alianza kulalamika kabla ya Ramadhani iliyopita. Moyo wamrukaruka, akasema, kama samaki aliyetupwa mzima ndani ya mashua. Kwanza tukasema ni gesi. Kisha jirani mmoja akasema ni hasadi, mwengine akasema ni jini. Akaandikiwa kombe, akanywa siku saba. Sina neno na kombe. Maneno ya Mola ni shifaa na sote tumelelewa nayo. Lakini moyo haukutulia, na asubuhi moja alipokuwa akiinuka kwenye mswala miguu ikamlegea. Hapo ndipo tulipomchukua hospitali.

Alilazwa kitandani, akapachikwa nyaya mikononi, miguuni na kifuani, na mashine ndogo isiyozidi ukubwa wa sinia ikatoa karatasi ya viraba vyekundu yenye mistari ya vilima. Daktari, binti mdogo wa kuweza kuwa mwanangu, aliitazama karatasi ile kwa muda usiofika dakika moja. Akatueleza kwamba vyumba vya juu vya moyo wa shangazi havipigi, vinatetema tu. Damu ikituama mle huganda, na donge likiruka likafika kwenye ubongo, ni kiharusi.

Wangapi mitaani mwetu tumewaona wakianguka upande mmoja, mdomo ukapinda, tukasema wamepigwa na upepo? Nilirudi nyumbani nimeikunja ile karatasi mfukoni, nikataka kujua ni nani aliyewafunza watu kuisoma. Nikakutana na Willem Einthoven.

Einthoven alikuwa Mholanzi, lakini hakuzaliwa Uholanzi. Alizaliwa Semarang, mji wa bandari kaskazini mwa kisiwa cha Java, tarehe 21 Mei 1860. Java ni ng'ambo ya bahari hii hii yetu. Masharifu na wafanyabiashara wa Hadhramaut waliotia nanga Lamu na Mombasa wana ndugu zao waliokwenda na pepo nyengine wakatua Java, na hadi leo koo za pande mbili hizi zina majina yale yale. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wadachi, wakivuna kahawa na sukari kwa jasho la wenyeji. Baba yake Willem alikuja huko kama daktari wa jeshi, baadaye akawa daktari wa mji wa Semarang. Mama yake alikuwa binti wa mkurugenzi wa fedha wa koloni. Kwa hivyo mtoto hakuzaliwa upande wa waliokuwa wakilima ile miwa, na hilo tuliseme wazi.

Lakini yatima ni yatima. Willem alikuwa na umri wa miaka sita baba alipofariki. Mama akabaki na watoto sita, na baada ya miaka minne, mwaka 1870, akawakusanya akavuka nao bahari hadi mji wa Utrecht. Fedha haikuwa nyingi. Willem alipoingia chuo kikuu cha Utrecht mwaka 1878 kusomea udaktari, alisoma kwa mkataba wa jeshi la koloni: wamlipie masomo, naye akimaliza arudi Java awatumikie. Njia ya baba yake ilikuwa imeshachorwa mbele yake.

Alikuwa kijana wa mazoezi. Alipiga makasia, akacheza upanga, na aliwahimiza wenzake wasiuache mwili ukaoza kwa ajili ya vitabu. Siku moja akiwa kwenye sarakasi za mazoezi akavunjika kifundo cha mkono. Mwengine angalilala na bendeji akasikitika. Yeye aliutazama mkono wake mwenyewe unavyogeuka, kiganja juu, kiganja chini, akaandika makala kuhusu kiungo cha kiwiko. Nadhani tabia yake yote imo katika kisa hicho: kila chenye kwenda alitaka kujua kinakwendaje, na akijua, akiandike kwa vipimo.

Mwaka 1885 alipata shahada yake ya juu kwa utafiti wa macho, namna rangi zinavyoweza kulidanganya jicho likaona kina pasipo na kina. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 25, Chuo Kikuu cha Leiden kikamteua kuwa profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi viungo vya mwili vinavyofanya kazi. Akaanza kazi mwaka 1886, na safari ya kurudi jeshini Java ikafutika. Mwaka huo pia akamuoa binamu yake wa upande wa mama, Frédérique de Vogel. Wazee wetu wangalisema amefanya la maana. Walijaaliwa watoto wanne. Hakuhama tena Leiden mpaka mauti.

Sasa tuje kwenye moyo wenyewe. Kila pigo la moyo huanza na cheche ndogo ya umeme kwenye pembe ya chumba cha juu cha kulia. Umeme huo hutambaa katika vyumba viwili vya juu, navyo vikajibana. Kisha hupita kwenye njia nyembamba katikati ya moyo, ukangoja kidogo, halafu ukaenea vyumba vya chini, navyo vikaikamua damu kuelekea mapafuni na mwilini. Umeme ukienda mrama, na mwendo wa moyo huenda mrama. Umeme huo hufika mpaka kwenye ngozi, lakini ukifika huwa ni hafifu mno: kama sehemu moja ya elfu ya volti, na betri ndogo ya tochi ina volti moja na nusu.

Wa kwanza kuunasa kutoka juu ya ngozi ya mwanadamu alikuwa Augustus Waller wa London, mwaka 1887. Alitumia mrija mwembamba wa kioo wenye zebaki; umeme ukipita, zebaki hucheza. Waller alikuwa na mbwa wake, Jimmy, aliyemsimamisha miguu yake ndani ya maji ya chumvi ili umeme wa moyo wake upimwe, na mbwa huyo akawa mashuhuri kuliko maprofesa wengi. Einthoven alimwona Waller akionyesha kipimo chake katika mkutano wa wanafiziolojia mjini Basel mwaka 1889. Waller mwenyewe hakuamini kwamba jambo hilo lingekuwa na faida kubwa hospitalini. Einthoven alirudi Leiden akiwa na yakini tofauti.

Tatizo lilikuwa zebaki. Ni nzito. Umeme wa moyo hupanda na kushuka kwa kasi ya kupepesa jicho, nayo zebaki yaja nyuma ikivutwa. Ni kama jahazi lililosheheni boriti: nahodha ageuza usukani sasa, chombo chageuka baadaye, na mtu aliye ufukweni akitazama chombo pekee hatajua usukani uligeuzwa lini. Lakini ukijua chombo kile ni kizito kiasi gani na hugeuka kwa muda gani, waweza kurudi nyuma kwa hesabu ukajua mkono wa nahodha ulifanya nini. Hivyo ndivyo Einthoven alivyofanya. Hesabu alizokuwa nazo hazikumtosha, basi akiwa profesa mzima akakaa chini akajisomea hesabu za juu kwa kitabu cha Hendrik Lorentz, mwanafizikia aliyekuwa akifundisha chuo kile kile. Akaupima ule mrija, akajua uzito wake, kisha akauchukua mchoro uliolegea na kuusahihisha nukta kwa nukta kwa kalamu na karatasi.

Mchoro ghafi wa zebaki vilima vyake viliitwa A, B, C na D. Ule aliousahihisha kwa hesabu, mwaka 1895, aliupa herufi P, Q, R, S na T. P ni vyumba vya juu vikipokea umeme. Q, R na S ni vyumba vya chini. T ni moyo ukijirudisha kupumzika. Herufi hizo ndizo zinazotumika mpaka leo katika kila hospitali duniani.

Lakini ukubali usikubali, mchoro ule ulikuwa wa kukisiwa kwa hesabu. Hakuna jicho lililowahi kuuona. Na daktari wa wodini hawezi kukaa siku nzima akikokotoa kila pigo la mgonjwa. Einthoven akaamua kuunda chombo kitakachouandika moyo moja kwa moja.

Alichukua uzi. Uzi wa kwatzi, jiwe gumu la jamii ya mchanga, ukiyeyushwa kwa moto mkali. Kuupata uzi mwembamba vya kutosha walitumia ufundi wa Mwingereza Boys: jiwe lililoyeyuka hubandikwa kwenye mshale, mshale ukafyatuliwa, nao ukauvuta uzi nyuma yake mwembamba kiasi kwamba jicho lautafuta. Ukapakwa fedha ili upitishe umeme, ukatundikwa katikati ya sumaku mbili kubwa. Umeme wa moyo ukipita katika uzi, uzi huyumba. Taa kali humulika, lenzi hukikuza kivuli cha uzi, na kivuli huangukia bamba la picha linalosogea polepole. Kwa hivyo ile karatasi ya shangazi, kwa asili yake, ni picha ya kivuli.

Huko Ufaransa, Clément Ader alikuwa ameshatengeneza chombo cha waya na sumaku mwaka 1897 kwa ajili ya simu za maandishi za chini ya bahari, kama zile zilizolazwa toka Aden hadi Unguja mwaka 1879. Wapo waliosema Einthoven aliiga. Wazo la waya kati ya sumaku kweli lilikuwepo, lakini chombo cha Ader kisingeusikia moyo wa mtu hata kwa mbali, na kazi ya kukifikisha huko ndiyo iliyomla Einthoven miaka.

Mwaka 1901 akatoa maelezo ya kwanza ya galvanometa yake ya uzi. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi. Sumaku zilipata moto mpaka zikahitaji maji ya kuzipoza, na watu watano walihitajika kuiendesha. Mgonjwa aliketi na mikono yake miwili na mguu wa kushoto ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Inasimuliwa kwamba mikokoteni ya farasi iliyopita kwenye mawe ya barabara iliutikisa uzi, ikabidi sakafu ichimbwe na kujazwa mawe ili chombo kitulie. Siku zote hizo alikuwa na fundi wake wa maabara, van der Woerd, ambaye mikono yake ndiyo iliyogeuza mengi ya mawazo haya kuwa chuma na kioo.

Uzi ulipoandika, vilima vilivyotokea juu ya bamba vilikuwa P, Q, R, S na T, sawasawa na vile alivyovikokotoa miaka kadhaa nyuma kutoka kwenye zebaki iliyolegea. Hesabu ilikuwa imeuona moyo kabla ya mashine kuuona. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko chombo chenyewe, kwa sababu ndipo ulipoanza mtindo wa kuchukua kipimo hafifu cha nje, kukipitisha katika hesabu na kupata mwendo wa ndani ambao hakuna aliyeushika kwa mkono.

Chombo kile hakikuweza kubebwa hospitali, na wagonjwa mahututi hawakuweza kubebwa maabara. Kati ya pande mbili palikuwa na kilomita moja na nusu. Einthoven akatumia nyaya za simu. Mwezi Machi 1905 moyo uliokuwa hospitali uliandikwa maabara, ng'ambo ya mji. Sisi wenye visiwa tunajua uzito wa jambo hilo. Mgonjwa wa Faza au Kizingitini bado huvushwa kwa boti kabla ya kufika penye daktari wa moyo. Mwaka uliofuata, 1906, alichapisha mkusanyiko wa michoro ya mioyo isiyo sawa: moyo unaoruka mapigo, moyo ambao umeme wake umekatika njiani, moyo uliotanuka upande mmoja, na moyo ambao mapigo yake hayana mpango. Nilipouona huo wa mwisho nilitoa karatasi ya shangazi mfukoni nikailinganisha.

Habari za biashara nazipita upesi. Mtengenezaji wa kwanza, Edelmann wa Munich, alimlipa kwa muda kisha akaacha, akidai chombo anachouza amekibuni mwenyewe. Einthoven akageukia kampuni ya Cambridge iliyokuwa ya Horace Darwin, mwana wa yule Charles Darwin mwenye nadharia yake. Wao ndio waliopunguza ukubwa wa chombo mwaka baada ya mwaka. Thomas Lewis wa London akakichukua kitandani pa wagonjwa, na mwaka 1909 akabainisha kwamba mapigo yasiyo na mpango yanatokana na vyumba vya juu kutetema badala ya kujibana. Einthoven hakumwonea wivu. Aliposimama kutoa hotuba ya Nobel mwaka 1925, alimtaja Lewis kwa heshima na kukiri mchango wake.

Kitu kimoja zaidi lazima nikieleze, kwa kuwa ndicho kinachomuunganisha na kompyuta za leo. Kati ya mwaka 1912 na 1913 Einthoven alichora pembetatu. Mkono wa kulia ni pembe moja, wa kushoto ya pili, mguu ya tatu, na moyo katikati. Alijua vyema kwamba mwili si pembetatu na moyo haukai katikati kamili. Lakini kwa kuufanya mwili uwe umbo jepesi la hesabu, aliweza kukokotoa umeme wa moyo unaelekea upande gani, na kwa hivyo ni upande upi wa moyo umenenepa au umechoka. Kanuni yake ingali hai. Mashine ya ECG iliyompima shangazi haikuupima kila mstari iliouchapa. Mashine za siku hizi hupima miwili ya mikono na miguu na kuikokotoa minne iliyobaki kwa kanuni ile ya pembetatu.

Picha zilikuja baadaye. Mwaka 1953 mjini Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima chombo kilichotumika katika kiwanda cha meli huko Malmö kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti. Watu wa Kilindini watalifurahia hilo. Wakakielekeza kifuani, wakaona kuta za moyo zikienda na kurudi. Ndicho kipimo tunachokiita eko. Leo kompyuta huugawa ukuta wa chumba kikuu cha moyo vipande 17, ikakifuata kila kipande kutoka picha moja hadi nyengine na kukokotoa kimejibana kiasi gani na kwa wakati gani. Kipande kinachochelewa, au kinachovutwa na wenzake bila kujibana chenyewe, hujulikana hata pale jicho la daktari linapoona moyo mzima uko sawa. Wengine hupachika nyaya nyingi kifuani, wakachukua na picha ya kifua, kisha kompyuta ikarudi nyuma kwa hesabu mpaka juu ya ngozi ya moyo na kuonyesha umeme unapokwama. Ni lile lile jahazi na usukani wake, ila mkokotoaji si mtu tena.

Binafsi siwaamini wanaosema kompyuta itatosha peke yake. Karatasi ya shangazi ilikuwa na maneno ya mashine yaliyochapwa juu, na yule daktari binti hakuyasoma kwanza. Alitazama vilima, akahesabu viraba, kisha ndipo akasoma ilichosema mashine.

Habari za tuzo ya Nobel ya mwaka 1924 zilimkuta Einthoven Marekani, akizunguka kutoa mihadhara. Van der Woerd, yule fundi, alikuwa ameshafariki. Inasimuliwa kwamba Einthoven aliona nusu ya fedha ile ni haki ya fundi wake, akatafuta warithi, akawapata dada zake wawili wakiishi kwa dhiki, akawapa fungu la ndugu yao. Katika dini yetu deni la maiti huangaliwa kabla ya mirathi, na deni analodai maiti vile vile. Mtu huyu hakuwa Muislamu, lakini alilijua hilo.

Hakuishi sana baada ya hapo. Maradhi ya saratani ya tumbo yalimchukua Leiden tarehe 29 Septemba 1927, akiwa na miaka 67, akazikwa Oegstgeest, kijiji jirani. Mwanawe wa kiume, aliyeitwa Willem kama yeye, alikuwa mhandisi, na alirudi Java alikozaliwa babake akaongoza maabara ya redio mjini Bandung.

Shangazi alipimwa eko wiki iliyofuata. Tuliona kwenye kioo: vyumba vya chini vikijibana kwa nguvu, vya juu vikitetema kama maji ya bandarini upepo mdogo unapopita. Anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande, na kila mwezi twampeleka kupima. Karatasi yake ameiweka katika kasha la shaba pamoja na hati ya nyumba. Juzi aliniomba nimuonyeshe ugonjwa uko wapi. Nikamuwekea kidole kabla ya kila kilima kirefu, pale ambapo P ilitakiwa iwe, na pana mstari unaotetema tu. Akavaa miwani, akapatazama kwa muda mrefu.